Hita Iliyoharibika Kila Alhamisi

Siku ya tatu tangu Mzee Timazi akutwe amekufa ndani ya karavani yake, Inspekta alirudi uani kwa Mwalimu, mwana wa marehemu, asubuhi, akiwa na mkaguzi wa gesi, mfuko wa plastiki wenye kitambaa, na saa chache tu za kufanyia kazi. Mkuu wa kituo alikuwa amemweleza waziwazi: faili liwe mezani kwake kabla ya saa kumi jioni, maana kesho yake fundi wa gesi aliyekamatwa anapandishwa kizimbani.

"Mtu tunaye, kitambaa tunacho, na mwenyewe anasema ni makosa yake," mkuu alisema. "Unatafuta nini tena?"

Inspekta alichukua mfuko wa kitambaa akatoka. Kituoni walimwita Mama Taratibu, wengine kwa heshima na wengine kwa kumsengenya, naye aliwaitikia wote kwa uso uleule.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Marehemu alifanya kazi ya kupima barabara kwa miaka thelathini na moja, akilala ndani ya karavani iliyokokotwa kutoka kambi hadi kambi. Wenzake walimpa jina la Timazi kwa sababu timazi yake ya shaba ya kupimia wima haikutoka mfukoni mwake, hata siku za sikukuu. Alipostaafu, kampuni ikamwachia karavani. Mkewe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo akaikokota mpaka kwa mwanawe wa pekee, mwalimu wa hesabu, akaiegesha mwisho wa ua, nyuma ya nyumba. Akakaa humo miezi kumi na minne.

Alhamisi iliyopita, saa tisa na nusu alasiri, Mwalimu alirudi kutoka shuleni akamkuta fundi wa gesi amepiga magoti nje ya karavani, anatia kitu kwenye begi lake. Ndani, mzee alikuwa amelala chali kitandani, amevaa viatu, mwili umekwisha kupoa. Daktari alisema ameuawa na hewa ya sumu, ile isiyo na harufu, inayotoka kwenye moto uliokosa pumzi. Polisi walipopekua gari la fundi walikuta kitambaa cha jikoni kimejaa masizi ndani ya begi hilo, nyuma ya kiti. Fundi hakujitetea. Alisema maneno manne tu, "Ni makosa yangu, afande."

Hita ya maji ilikuwa sanduku la bati lililochomekwa kwenye ukuta wa karavani, na kimlango chake chenye matundu kilifungukia nje. Mkaguzi wa gesi, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, alitandika gunia akalala kifudifudi mbele yake kama mtu anayechungulia panya.

"Ya zamani, lakini imetunzwa," alisema. "Kuna mtu anafungua plagi ya chini, anamwaga maji yote, anasuuza chumvi, anarudisha. Watu wengi wanaoishi na hita hizi hawajui hata kama ina plagi. Wanasubiri ioze, halafu wanasema wamerogwa."

"Ni fundi huyo?"

"Fundi ana haraka. Fundi huacha meno ya spana. Nati hizi hazina hata mkwaruzo. Huyu alikuwa mtu mwenye siku nzima mkononi."

Inspekta aliandika hilo. Kisha akatoa kitambaa kwenye mfuko. Kilikuwa cha mistari ya buluu, kimekunjwa mara nne, kimefungwa katikati kwa kamba nyembamba, na kamba hiyo ilikuwa imeachwa mkia wa urefu wa shubiri moja hivi.

Mkaguzi alikitazama kwa muda. "Kimekaa kwenye tundu la moshi. Ona masizi yalivyopiga duara. Nina kitambaa changu kama hicho. Nikuonyeshe?"

Alikunja kitambaa chake vilevile, akakisokomeza nusu kwenye tundu, akafungua gesi, akawasha. Moto ulianza buluu na mnyoofu. Dakika ya pili ukaanza kulegea. Dakika ya nne ulikuwa wa njano, mrefu, unaramba bati na kulitia weusi. Inspekta alizunguka akaingia ndani na kile kidude cha kupimia hewa ambacho mkaguzi alimpa. Alikipitisha mlangoni, mezani, juu ya sinki, kikawa kimya. Alipokiinamisha chini ya kitanda kikaanza kulia, tena kwa kasi.

Mkaguzi alizima kila kitu, wakafungua milango na madirisha, wakasubiri nje mpaka kidude kikatulia. Ndipo walipoinua godoro. Bomba la maji ya moto lilipita ukutani hapo, na putti iliyoziba pembeni mwake ilikuwa imepasuka, pana kiasi cha kupitisha kidole.

"Kwa hiyo moshi ukikosa njia ya nje unarudi hapa," Inspekta alisema.

"Hapa, chini ya mgongo wake. Na siku ile kulikuwa na manyunyu, bila shaka alifunga madirisha."

"Aliyeziba tundu angejua kwamba kuna ufa huu?"

Mkaguzi alivua miwani. "Mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili, na nisingeujua mpaka ninyanyue kitanda. Kwa akili ya kawaida, tundu liko nje, moto uko nje, ukiliziba hita inachafuka. Basi. Hutegemei mtu afe."

Mke wa Mwalimu aliwapokea mlango wa jikoni. Alikuwa karani wa posta, ameomba ruhusa ya wiki, na macho yake yalikuwa yamevimba. Juu ya upau wa jiko vilining'inia vitambaa vitatu vya mistari ya buluu.

"Vinauzwa vingapi kwa seti?" Inspekta aliuliza.

"Sita."

"Naona vitatu."

Mwanamke aligeuka akavitazama kama vile ndiyo kwanza anaviona. "Viwili viko kwenye nguo chafu. Cha sita nilimpa baba."

"Lini?"

"Jumatatu ile. Alikuja mlangoni, akabisha hodi. Kila siku nilikuwa namwambia, baba, hapa ni kwako, ingia tu, lakini lazima abishe. Akasema anataka kitambaa kizee cha kufutia vyombo. Nikampa kipya, nikaona aibu kumpa kizee." Aliongeza kwa sauti ya chini, "Najua mnafikiria nini. Ni kweli niliwahi kusema ile karavani imetubana, nilitaka mahali pa kuanikia nguo. Nilisema mara moja tu, na nilimwambia mume wangu chumbani."

"Mzee alisikia?"

"Sijui. Wiki ile alihamisha kamba ya nguo mwenyewe, akaifunga toka kwenye karavani mpaka kwenye mwembe wa jirani. Akaniambia, mkwe wangu, sasa una kamba mbili."

Mwalimu alikuwa amesimama kwenye mlango wa sebule muda wote huo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye vumbi la chaki lililogoma kutoka mikononi hata siku za msiba.

"Yule fundi alikuja hapa mara nyingi mno," alisema. "Jirani ndiye aliyeniambia. Kila wiki hita imeharibika. Nilisema tununue mpya, mzee akakataa. Sasa naona wazi. Fundi alikuwa anaiharibu yeye mwenyewe ili apate kazi."

"Wewe ulimwona mzee mara ya mwisho lini?"

"Jumatano."

"Mliongea?"

"Nilirudi nimechelewa, nina madaftari ya kusahihisha." Alipangusa mikono kwenye suruali. "Tuna utaratibu wetu, afande. Tukiona taa yake inawaka jioni, tunajua yuko salama. Hakupenda kusumbuliwa."

"Alisema hivyo?"

Mwalimu alimgeukia mkewe. Mkewe aliinamia sinki akafungua bomba, ingawa hapakuwa na chombo cha kuosha.

Inspekta alirudi kwenye karavani peke yake. Ilikuwa ndogo, hatua nne kwa mbili, na kila kitu kilikuwa mahali pake kama ndani ya sanduku la vifaa. Ramani zimeviringishwa na kufungwa. Penseli zimechongwa. Redio ndogo ilikuwa na betri mpya, na kwenye droo kulikuwa na betri nyingine nane. Inspekta, ambaye kwake pia redio ilikuwa haizimwi tangu binti yake aolewe mbali, aliifunga droo ile bila kuandika chochote.

Juu ya meza kulikuwa na sinia lililofunikwa. Siku ya kwanza askari walilipiga picha wakaliacha. Alilifunua. Vikombe viwili safi vimepinduliwa, majani ya chai kwenye kijaluba, na visahani viwili. Birika juu ya jiko lilikuwa na maji yaliyopimwa vizuri, hayajawahi kuchemka.

Mzee aliziba hewa, au alizibiwa, kabla ya chai. Na chai ilikuwa ya watu wawili.

Ukutani, kwenye msumari karibu na mlango, ndipo ilipokuwa timazi, shaba nzito iliyochongoka, inaning'inia kwenye kamba yake bila kutikisika. Inspekta alisogeza uso. Kamba ilizungushwa mara mbili, ikapitishwa chini ya mzunguko wake wenyewe, ikakazwa, na ncha yake ikachomwa moto isifumuke. Alitoa kile kitambaa, akakiweka pembeni yake. Fundo lilikuwa lilelile. Ncha nayo ilikuwa imechomwa. Kwenye droo ya chini alikuta bunda la kamba hiyohiyo, na kando yake koleo lenye midomo mirefu, midomo yote miwili myeusi kwa masizi.

Alikaa kwenye kiti cha kukunja akavuta pumzi. Fundi hakuziba tundu. Mke wa Mwalimu hakuziba tundu. Mzee Timazi alikunja kitambaa mwenyewe, akakifunga, akakiingiza kwa koleo, na akakiachia mkia ili kitolewe kwa urahisi. Mtu anayetaka kufa hapangi vikombe viwili, wala haachi mkia wa kuvutia.

Saa saba mchana alikuwa kituoni, daftari la kazi la fundi likiwa wazi mbele yake. Fundi aliandika kila kazi kwa mwandiko wa shule: tarehe, saa ya kufika, tatizo, na muda aliotumia. Anwani ya Mwalimu ilitokea mara kumi na tisa, na zote zilikuwa Alhamisi.

Mara ya kwanza, miezi minane iliyopita: *Buibui amejenga ndani ya bomba la kichomeo. Nimesafisha. Saa mbili.* Hilo Inspekta alilikubali, mkaguzi alishamwambia kwamba buibui wanapenda harufu ya gesi. Alhamisi iliyofuata: *Waya umechomoka. Dakika ishirini.* Kisha skrubu imelegea. Kisha ncha ya kutoa cheche imepinda. Alipitisha kidole ukurasani kuteremka mpaka mahali pamoja, akarudi juu, akasoma tena, kisha akaagiza fundi aletwe.

Aliletwa. Mwanamume wa miaka arobaini hivi, mabega mapana, amevuliwa mkanda na kamba za viatu. Alikaa akaweka mikono mezani bila kuambiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

Hakuwa amekula. Inspekta aliacha hilo lipite.

"Hebu nisaidie kitu kimoja cha kazi yako," alisema. "Hapa mwezi wa tatu umeandika, *Vali ya mtungi imefungwa nusu. Saa moja na robo.* Mimi si fundi. Lakini moto ukipungua jikoni kwangu, kitu cha kwanza ninachogusa ni mtungi. Wewe uliutafuta kwa saa moja na robo?"

Fundi alitazama daftari, hakuligusa.

"Waya uliochomoka, dakika ishirini. Wiki sita baadaye waya uleule, saa nzima. Ulikuwa unazidi kusahau kazi?"

"Hapana."

"Mara kumi na tisa, na hakuna hata kifaa kimoja kilichovunjika. Hakuna kilichobidi kununuliwa. Mwenye kuharibu alikuwa anaharibu kwa adabu. Anachomoa, anapinda, analegeza, na kila kitu kinaweza kurudi." Aliweka kitambaa mezani, mkia wa kamba ukielekea kwa fundi. "Na hili fundo nimelikuta kwenye timazi."

Fundi aliugusa mkia wa kamba. Nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia, akisimama, akifagia tena.

"Nikisema utaandika?" fundi aliuliza.

"Nitaandika."

"Basi wataona alikuwa mwehu. Au watasema amejiua. Mwanawe ni mwalimu, mama, mtaa mzima utacheka. Bora isemwe mimi nilifunga hita vibaya. Mafundi wanakosea, watu wanasahau."

"Utafungwa miaka mingapi ili watu wasicheke?"

Fundi alijipangusa uso kwa mkono mzima, toka paji la uso hadi kidevu.

"Ile ya buibui ilikuwa ya kweli," alianza. "Nilipomaliza akanipa chai. Tukakaa. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka kwenye gari, akanishikia mlango. Wiki iliyofuata akapiga simu. Mimi Alhamisi nasambaza mitungi mtaa ule, na yeye alishaniuliza ratiba yangu, hakutaka nitoke mbali kwa ajili yake. Nikakuta waya. Nikasema, sawa, imetokea. Mara ya tatu nikajua. Waya hauchomoki wenyewe halafu ukajikunja vizuri pembeni usije ukaungua."

"Hukumwambia?"

"Ningemwambia nini? Ningemwambia angeona haya, asingepiga tena. Nikaanza kutafuta mbali. Nikifungua kimlango naona kabisa tatizo liko wapi, lakini naanzia kwenye mtungi, nafuata bomba taratibu, nauliza ilianza lini, ilitoa sauti gani. Yeye anajibu kama daktari kamuuliza. Anafurahi."

"Na tundu la moshi?"

Hapo sauti ya fundi ilibadilika. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Wiki mbili nyuma aliniuliza, fundi, kitu gani kinachukua muda mrefu kuliko vyote? Nikasema masizi. Tundu likiziba moto unakuwa wa njano, masizi yanaingia kila mahali, unashusha kichomeo chote, unapiga brashi, asubuhi nzima inakwisha. Nikamwambia pia ni hatari. Nilimwambia, mama, naapa. Lakini nadhani aliona hatari iko huko nje, kwenye tundu."

"Siku ile ulifika saa tisa."

"Alipiga saa tatu asubuhi. Akapiga saa nne kasoro robo. Akapiga tena mara mbili. Nilikuwa kwenye duka la mikate, tanuri limekufa, wateja wananipigia kelele. Niliona jina lake. Nikasema, hita yenyewe haina kitu, itasubiri."

Inspekta hakuandika sentensi hiyo mara moja.

"Nilipofika niliona kamba inaning'inia, nikajua kabla sijafungua mlango. Nilimtikisa. Kisha nikatoka nikakivuta kile kitambaa. Sikuwaza polisi. Niliwaza tu mtu asikione."

Mwalimu alikuwa ameitwa, naye alikuwa kwenye benchi la ukumbini toka saa nane. Inspekta alimwendea kwanza peke yake. Alimweleza bila kupamba: kitambaa, fundo, koleo, ufa chini ya kitanda, daftari, Alhamisi kumi na tisa. Alimwambia kwamba kifo kilikuwa ajali, na kwamba fundi ataachiwa jioni hiyo, atajibu tu kosa la kugusa mahali pa tukio, na yeye Inspekta ataandika maombi ya kumwonea huruma.

Mwalimu alisikiliza kama anayefuatilia hesabu ubaoni, akiitikia kwa kichwa kila hatua. Mwishoni aliuliza, "Simu yangu ilikuwa wazi siku ile?"

"Tulikagua. Ilikuwa wazi. Hakukupigia."

Aliitikia kwa kichwa tena, ingawa sasa hapakuwa na hatua ya kufuata.

Mlango wa ndani ulifunguliwa na fundi akatoka, mkanda mkononi, viatu vikiburuzika kwa kukosa kamba. Alipomwona Mwalimu alisimama. Askari aliyekuwa zamu alinyanyuka nusu kitini, Inspekta akampungia mkono akae.

"Pole sana, Mwalimu," fundi alisema.

Mwalimu alikuwa anatazama mikono ya yule mtu.

"Mlikuwa mnaongea nini?" aliuliza. "Saa zote hizo."

Fundi alifikiri. Ilionekana alitaka kutoa jibu la kweli. "Barabara. Alikuwa ananieleza barabara alizopima, ipi ina mteremko wa udanganyifu, ipi walikosea daraja wakalaumiana. Siku nyingine hatukuongea kabisa. Mimi nafanya kazi, yeye ananimulikia tochi."

"Mchana?"

"Mle ndani ya hita kuna giza hata mchana. Na alipenda kushika tochi. Mkono ulikuwa unamtetemeka, mwanga unacheza kila mahali, lakini hakukubali nimpokee."

Mwalimu aliinua kichwa. Inspekta aliona usoni mwake kwamba habari hii ya mkono unaotetemeka, ambayo mwana hakuwa anaijua, ndiyo katika zote za siku hiyo iliyomfikia.

"Mkono upi?" aliuliza.

"Wa kulia."